Kambi za mpakani: askari wetu walitoka wapi

 

Katika mazungumzo haya juu ya amani tunasema mara nyingi juu ya mashamba, juu ya ndoa, juu ya uvumi. Leo tuseme juu ya kambi za askari. Huku kwetu mashariki mwa Kongo, ukitaja jina la Saio, Katindo, Rumangabo, Nyaleke ao Luberizi, mtu hafikirii nyumba za matofali na mlingoti wa bendera tu. Anakumbuka usiku aliofunga godoro kwa kamba akabeba watoto. Lakini kambi hazikuota zenyewe kama uyoga. Ziliwekwa na watu, kwa sababu zao, na sababu hizo zimeendelea kufanya kazi hata baada ya wenyewe kufa.

Nataka ushike swali moja mkononi unapofwata habari hii. Askari aliyezaliwa hapa, alinde hapa kwao, ao apelekwe mbali akalinde kwa wengine? Swali hili ni la zamani. Watu wengi wamekufa juu yake, na sisi katika mabaraza yetu tunaliuliza kana kwamba lilizaliwa jana.

Tuanze kandokando ya ziwa Tanganyika. Mji wa Kalemie haukuanza na soko wala na misioni. Ulianza na boma. Mwaka wa 1891 kapiteni mmoja Mbelgiji, jina lake Jacques, alijenga ngome karibu na ziwa akaiita Albertville. Alikuja kupigana na wafanya biashara ya watumwa, watu wa Rumaliza, waliokuwa na nguvu toka Ujiji mpaka Uvira. Baadaye jina hilo lilihamishwa mpaka penye mto Lukuga, na mji ukakua pale. Uvira nayo ilikuwa posti ya askari. Bukavu, miaka mingi, iliitwa Costermansville, na Costermans huyo alikuwa ofisa wa jeshi. Basi usishangae kuona kwamba katika miji yetu kambi iko mahali pazuri, juu ya kilima ao karibu na maji. Mara nyingi askari ndiye aliyechagua kwanza, na mji ukajibana pembeni yake.

Jeshi lenyewe liliitwa Force Publique. Mfalme Léopold II alianza kulikusanya mwaka wa 1885, akalipa sheria yake mwaka wa 1888. Askari wake wa kwanza hawakuwa watu wa hapa. Wengi waliandikwa Zanzibar na Afrika ya magharibi. Hao waligharimu feza nyingi, kwa hiyo toka 1891 kila wilaya ilipaswa kutoa vijana, na chifu ndiye aliyewachagua. Fikiri mwenyewe chifu anachagua nani akiambiwa atoe vijana wanne waende miaka saba: hatoi watoto wake. Anatoa mtumwa, mgeni, yatima, kijana mkaidi aliyemchosha. Hivi askari wengi wa kwanza waliingia jeshini wakiwa watu waliotolewa na kwao. Neno hili tusilipite mbio. Mtu aliyetolewa na kijiji chake kwa nguvu, akapewa bunduki na kupelekwa katika kijiji cha mwingine, atakiheshimu kijiji hicho kwa sababu gani?

Na jeshi hilo liliasi mapema. Mwaka wa 1893 wazungu walimuua Gongo Lutete kule Ngandu, mkubwa aliyekuwa amewasaidia kuwapiga Waarabu. Askari wake walipelekwa Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, na mwezi wa saba 1895 waliasi na kumuua komanda wao. Mwaka wa 1897 msafara mkubwa wa Dhanis, uliokuwa unaelekea mto Nile, uliasi njiani. Waasi walirudi kusini, na walipofika upande wetu wa Ruzizi na Kivu posti za serkali ziliharibika. Mwaka wa 1900 askari wa ngome ya Shinkakasa, karibu na Boma, waliasi nao.

Wakubwa wa jeshi walikaa wakajiuliza: kosa lilikuwa wapi? Wangeweza kusema kosa ni fimbo, ni njaa, ni kumuua mkubwa wa watu bila haki. Hawakusema hivyo. Walisema kosa ni kuweka watu wa kabila moja pamoja. Toka hapo kanuni ikawa kuchanganya: katika kila kikosi kidogo wawemo watu wa makabila kama manne, na askari wasiwekwe kwao. Na kwa kuwa watu hao hawakuwa na lugha moja, Kilingala kikapata nguvu kuwa lugha ya jeshi. Ndiyo sababu mtoto wa Bushi ao wa Bunande, akiisha kuvaa kombati, anamsemesha mama wa sokoni kwa Kilingala hata pale wote wawili wanajua Kiswahili.

Mimi naona kanuni hiyo ilikuwa na uso mbili. Uso mmoja ulikuwa mbaya wazi: askari aliwekwa mbali na kwao ili asione haya kupiga watu. Uso wa pili haukukusudiwa na wazungu. Katika kambi watu wa Kasai, wa Équateur, wa Maniema na wa Uele walioana, wakazaa watoto waliojiita watoto wa kambi kabla ya kujiita watu wa kabila. Wazee wengi wa miji yetu walizaliwa hivyo.

Sasa mpaka. Leo mtu anasema mpaka wa Ruzizi na ziwa Kivu kana kwamba Mungu aliuchora siku ya kwanza. Sivyo. Kwenye karatasi za Ulaya za mwaka wa 1885 mpaka ulikuwa mstari ulionyoshwa na watu ambao hawakuwa wameona ziwa Kivu. Waasi walipozivunja posti za Léopold, Wadachi waliokuwa Rwanda na Urundi walisogea mbele. Mwaka wa 1899 maofisa wa pande mbili walipatana kwa muda, wakingoja wakubwa wa Ulaya wakate neno. Walingoja miaka zaidi ya kumi. Ni mwaka wa 1910 tu, katika mapatano ya Brussels, kisiwa cha Idjwi kiliwekwa upande wa Kongo, na mpaka ukapita katikati ya maji. Waliokaa Idjwi hawakuulizwa. Waliokaa milima ya volkano hawakuulizwa. Jamaa moja ilijikuta na mashamba huku na makaburi ya babu kule.

Na mpaka ukiisha kuchorwa unadai askari. Vita ya 1914 ilipoanza, mwezi wa nane Wadachi walipiga bandari ya Lukuga kwa meli yao, na mwezi wa tisa walikitwaa kisiwa cha Idjwi. Force Publique, iliyokuwa imezoea kukusanya kodi na kuchoma vijiji, ikapaswa kuwa jeshi kweli. Jenerali Tombeur aliikusanya toka ziwa Kivu mpaka Tanganyika, brigadi mbili, moja ya Molitor kaskazini na moja ya Olsen kusini. Kule ziwani Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, wakazikokota kwa njia ya Katanga, na mwezi wa pili 1916 meli ya Wadachi iliyoitwa Hedwig von Wissmann ikazama. Kigali ilichukuliwa mwezi wa tano 1916, Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka huo huo, Mahenge mwezi wa kumi 1917.

Majina hayo ya ushindi yaliandikwa juu ya mawe. Lakini tuseme juu ya wapagazi. Askari mmoja hakusonga bila watu wa kumchukulia chakula na risasi, na magari hayakuwako. Hesabu ya wapagazi walioshikwa kwa kazi ya vita hiyo upande wa Wabelgiji inapita laki mbili. Walitolewa Kivu, Maniema, Katanga, wengine wakaongezwa Rwanda na Urundi. Wengi walikufa kwa baridi ya milima, kuhara na kichomi. Risasi iliua wachache kuliko hayo. Muhogo ulibaki shambani bila mtu. Kama katika jamaa yenu kuna jina la babu aliyekwenda Tabora asirudi, pengine hakushika bunduki hata siku moja. Kambi haina sanamu kwa ajili yake.

Baada ya vita, mwaka wa 1919, jeshi lilipangwa upya katika sehemu mbili. Sehemu moja walikuwa askari wa kambi, wanaongoja adui wa inje. Sehemu ya pili walikuwa askari wa wilaya, waliowekwa mkononi mwa msimamizi wa serkali ili kulinda utii wa watu: kodi, njia, pamba, gereza. Mwanainchi aliona zaidi hao wa pili. Kwake jeshi na kodi vilikuwa kitu kimoja. Ni mwaka wa 1959 tu sehemu hiyo ya pili iliitwa jandarmeri. Basi ukisikia mzee anasema kwamba askari kazi yake ni kutisha watu, usimcheke. Anasema alichokiona.

Kambi ya Saio huko Bukavu watu wengi wanalitaja jina lake bila kujua maana yake. Saio ni mji wa Ethiopia, unaoitwa sasa Dembidolo. Mwaka wa 1941 askari wa Kongo walivuka Sudani, wakaichukua Asosa mwezi wa tatu, wakapigana Gambela, na tarehe 3 mwezi wa saba jeshi la Waitalia la upande huo lilijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert. Majenerali 9 wa Italia walishikwa siku ile. Askari weusi waliokuwa wanapigwa fimbo nyumbani waliwatazama majenerali wazungu wakitoa silaha zao. Walirudi na habari hiyo moyoni. Mwezi wa pili 1944 kambi ya Luluabourg iliasi tena, safari hii uvumi juu ya chanjo ukiwa kiberiti. Uvumi juu ya chanjo! Wale wanaosema kwamba uvumi ni kitu cha simu za siku hizi, wasome hapo.

Kwenye mwaka wa 1960 jeshi lilikuwa na watu karibu 25,000, limegawanywa katika makundi makubwa matatu: la kwanza na makao yake Élisabethville, la pili Léopoldville, la tatu Stanleyville. Kumbuka miji hiyo mitatu, tutairudia. Mbali nayo Wabelgiji walikuwa na besi zao wenyewe, Kamina na Kitona. Na katika watu hao 25,000 hakukuwa na Mkongomani hata mmoja aliye ofisa.

Uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Siku chache baadaye Jenerali Janssens aliandika ubaoni, mbele ya askari, kwamba baada ya uhuru ni sawa na mbele ya uhuru. Tarehe 5 mwezi wa saba kambi ya Thysville ilikuwa imeasi, na moto ukaenea. Lumumba alimweka Lundula kuwa jenerali na Mobutu kuwa kolonel, jeshi likaitwa Armée Nationale Congolaise. Tarehe 11 Katanga ikajitenga na kuanza kujenga jeshi lake, watu walioitwa jandarme wa Katanga. Neno la jandarme hao lilitusumbua miaka ishirini.

Kuna jambo moja ambalo watu hawaliangalii: majina ya kambi. Kambi ya Kokolo huko Kinshasa ina jina la Kolonel Kokolo, aliyekufa mwezi wa kumi na moja 1960 katika mapigano na askari wa Umoja wa Mataifa mbele ya nyumba ya balozi wa Ghana. Kambi ya Tshatshi ina jina la Kolonel Tshatshi, aliyeuawa Kisangani mwaka wa 1966 wakati jandarme wa Katanga, waliokuwa wametiwa ndani ya jeshi la taifa, walipoasi. Yaani ofisa mkubwa wa Kongo aliuawa na askari waliovaa kombati yake. Ukipita mbele ya mlango wa kambi hiyo unapita mbele ya kaburi la mapatano yaliyofanywa vibaya: kikosi kizima kilitwaliwa na kuandikwa jeshini, kikabaki na makomanda wake na hasira yake.

Bukavu ilionja matunda ya jambo hilo. Mwaka wa 1964 waasi wa Simba walishika Uvira na sehemu kubwa ya inchi, lakini mwezi wa nane Kolonel Mulamba aliwazuia wasiishike Bukavu. Miaka mitatu baadaye mji huo huo ulichukuliwa na askari wa mshahara wa Schramme pamoja na jandarme wa Katanga. Walikaa ndani toka mwezi wa nane mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja 1967, jeshi la taifa likiwapiga toka vilimani, kisha wakavuka daraja wakaenda Rwanda. Mji ulibaki magofu. Watu waliorudi walikuta milango imekuwa kuni.

Mobutu naye alikuwa na habari yake ya mpaka. Kamanyola, kwenye uwanda wa Ruzizi, pale Kongo, Rwanda na Burundi zinapokutana, palipiganwa mwaka wa 1964, na serkali ilisema kwamba yeye mwenyewe aliongoza askari pale. Jina la Kamanyola likapewa divisheni iliyofundishwa na Wakorea ya Kaskazini, likapewa meli, likapewa uwanja wa mpira. Watu wa Kamanyola wenyewe walibaki na mpunga wao na barabara mbaya. Divisheni hiyo haikuweza kuzuia lolote Shaba mwaka wa 1977, wala 1978 kule Kolwezi. Jeshi la inje ndilo lililokuja kuokoa.

Toka hapo jeshi lilivunjwa kwa ndani. Lilibaki na majina mengi: brigadi ya 31 ya paras iliyofundishwa na Wafaransa, Garde Civile, Divisheni Spesiali ya Rais. Hiyo ya mwisho ilijaa watu wa Équateur na ililipwa vizuri. Wengine walilipwa karatasi. Ndipo msemo ule mchungu wa Kilingala ulipoenea, ya kwamba raia ni shamba la askari. Tarehe 23 mwezi wa tisa 1991 paras wa Ndjili walitoka kambini na kuanza kupora Kinshasa, na miji mingine ikafwata. Mwezi wa kwanza 1993 walilipwa kwa noti za zaire milioni tano ambazo wafanya biashara walizikataa, wakapora tena.

Tusimame kidogo hapa, kwa maana ni neno la lazima. Kosa la 1991 lilikuwa la kabila gani? Hakuna. Paras wa Ndjili walikuwa wamechanganywa vizuri kabisa, na walikuwa wamefundishwa kuliko wote. Walikuwa na njaa. Kuchanganya watu hakukuzuia kitu, kwa sababu sahani ilikuwa tupu. Wale wanaosema kwamba dawa ya jeshi letu ni kuchanganya tu, ao ni kutokuchanganya tu, waijibu kwanza siku ile ya Ndjili.

Mwaka wa 1996 vita ya AFDL ilianza upande wetu. Uvira, Bukavu na Goma zilianguka katika majuma mawili ao matatu, na askari wa Mobutu walipora walipokuwa wanakimbia. Rwanda na Uganda zilikuwa nyuma ya vita hiyo, na vijana wadogo, wakadogo, walitembea mpaka Kinshasa, iliyoingiwa tarehe 17 mwezi wa tano 1997. Tarehe 2 mwezi wa nane 1998 brigadi ya 10 ya Goma ikatangaza uasi, na vita ya pili ikaanza. Sisemi mengi juu ya miaka ile. Wengi kati yenu mliizika watu.

Turudi kwa swali letu. Mapatano ya mwisho wa 2002 yalileta serkali ya mpito mwezi wa sita 1003+1000 kwa hesabu ya wanafunzi, yaani 2003, na inchi iligawanywa katika rejioni 10 za kijeshi. Rejioni ya 8 ilikuwa Kivu ya Kaskazini, makao Goma. Rejioni ya 10 ilikuwa Kivu ya Kusini, makao Bukavu. Ya 9 Kisangani, ya 7 Maniema, ya 6 Katanga. Vyeo viligawanywa kati ya waliopigana: kama komanda ni wa upande huu, naibu awe wa upande ule. Kwenye karatasi ni haki. Kwenye kambi ilikuwa majiko mawili katika nyumba moja. Laurent Nkunda alipewa kazi akakataa kwenda Kinshasa kuapa. Bukavu, mwezi wa tano 2004, watu wa Jenerali Mbuza Mabe na watu wa Kolonel Mutebusi walipigana mjini. Nkunda alishuka toka kaskazini, tarehe 2 mwezi wa sita mji ukawa mikononi mwake, na baada ya siku chache akatoka. Raia wa jamaa mbalimbali waliuawa, wanawake walitendewa jeuri, na kila upande ulitaja wafu wake tu.

Dawa iliyoletwa iliitwa brasaji. Ni neno la Kifaransa la wapika bia. Mama zetu wanaokamua kasiksi wanajua kazi hiyo: ndizi ziive kwanza, zikamuliwe, unga wa mtama utiwe, kisha ngoja siku zake. Ukifungua mapema ni maji ya ndizi. Ukiacha chombo kichafu inakuwa siki. Wapiganaji walipaswa kuacha silaha, kupita Kitona, Kamina, Kisangani, Nyaleke, Luberizi ao Rumangabo, kufundishwa pamoja siku kama 45, na kutoka wakiwa brigadi mpya. Mpango ulikuwa brigadi 18. Lakini katika vituo vingi watu walingoja miezi bila sabuni, bila dawa, wake zao na watoto wakilala inje ya uzio. Na hesabu zilikuwa za uongo. Wakubwa wa makundi walitaja watu karibu 340,000. Walipohesabiwa kichwa kwa kichwa hawakufika hata nusu. Majina ya hewa yalikuwa yanakula mshahara, na waliokuwa na miguu na tumbo hawakula.

Kisha swali la kwenda mbali likarudi kwa nguvu. Watu wa Nkunda walisema: tukiondoka Kivu, nani atalinda jamaa zetu? Wamai-Mai wengi walisema neno lile lile, ila adui waliyemtaja alikuwa mwingine. Mwanzoni mwa 2007 serkali ilikubali njia ya katikati iliyoitwa mikisaji: askari wa Nkunda wachanganywe hapo hapo Kivu ya Kaskazini, bila kwenda mbali. Zikazaliwa brigadi za Alpha, Bravo, Charlie, Delta na Echo. Hazikumaliza mwaka. Kwa mtu wa kijiji cha Masisi ao Rutshuru, aliyekuwa muasi jana amerudi leo na kombati ya serkali, katika barabara ile ile, na bariera ile ile. Kambi ya Rumangabo ilishikwa na CNDP mwezi wa kumi 2008. Tarehe 23 mwezi wa tatu 2009 mapatano mengine yalitiwa sahihi, na CNDP ikaingia jeshini pamoja na makomanda wake. Umekumbuka Kisangani ya 1966?

Mwaka wa 2011 brigadi zilivunjwa ziwe rejimenti, na maneno ya kuwapeleka askari hao mbali na Kivu yakazidi. Mwezi wa ine 2012 uasi ulizuka, ukajiita M23 kwa tarehe ya mapatano yale. Goma iliangushwa tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2012, na mwaka mmoja baadaye jeshi la serkali, likisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa, liliwashinda. Rumangabo ilirudi mikononi mwa serkali mwezi wa kumi 2013. Mwezi wa kumi 2022 ilitoka tena.

Niseme ninavyoona mimi, na wewe unaweza kukataa. Mwenye kuogopa kwamba jamaa yake itauawa askari wa kwao wakiondoka, hoja yake haijibiwi kwa kumwita msaliti. Anajibiwa siku atakapoona askari wa Kasai amemlinda usiku. Na mwenye kuogopa jeshi la kabila moja lililokaa mahali pamoja, na makomanda wenye mashamba na machimbo pale pale, naye ana haki, kwa maana aliyaona. Katiba ya 2006, kifungu cha 189, inadai kwamba jeshi liwe na uwakilishi wa haki wa majimbo, katika hesabu ya askari na katika vyeo. Ni neno zuri. Haliwezi kutimizwa na karani wa Kinshasa peke yake. Hatua ndogo iliyosaidia kweli, kwa maoni yangu, ilikuwa ya feza: kutenga njia ya mshahara na njia ya amri, isiwe komanda anayeamuru na kulipa. Mambo yalianza kubadilika kidogo askari walipohesabiwa mmoja mmoja, na toka 2011 wengi kulipwa kwa benki. Lakini mwenye kukaa vilimani, siku mbili za miguu toka benki, alibaki na shida ile ile, na jirani yake raia alibaki shamba.

Mwaka wa 2014 rejioni zilipangwa tena chini ya zone tatu za ulinzi. Makao yake ni wapi? Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani. Ndiyo miji mitatu niliyokuambia uikumbuke, Léopoldville, Élisabethville na Stanleyville. Goma ikawa rejioni ya 34, Bukavu ya 33. Namba zilibadilika, ramani ya Wabelgiji ilibaki. Mwezi wa tano 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi, hata korti za raia zikaguswa. Na mwaka wa 2023 sheria iliunda jeshi la akiba, mlango ambao vijana wa vikundi vya kwao wangeweza kuitwa kulinda kwao. Swali letu la zamani likaingia kwa dirisha jingine.

Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia tena Goma, Rwanda ikiisaidia, na mwezi wa pili ikaingia Bukavu. Kambi za Katindo na Saio ziliachwa na waliokuwa ndani. Askari na polisi wengi walikimbilia besi ya Umoja wa Mataifa hapo Goma, wakatoa silaha, wakakaa humo miezi pamoja na jamaa zao. Toka mwisho wa mwezi wa ine mpaka mwezi wa tano, Msalaba Mwekundu uliwasindikiza zaidi ya watu 1,000 mpaka Kinshasa. Ndani ya magari yale walikuwamo wanawake na watoto wadogo.

Maswali yenu juu ya wajane wa askari na pansheni zao tumeyapokea. Tutayajibu katika mazungumzo yajayo. Kwa heri.